Sakafu ya Kuku Bila Nailoni

Mwaitu,

Najua utacheka kwanza, kwa sababu hujawahi kupata barua kutoka kwangu. Mimi ni mtu wa kupiga simu na kupaza sauti. Lakini kuna jambo nimejaribu kukuambia kwa mdomo tangu Krismasi, na kila nikifungua mdomo naishia kukuuliza kama umekula. Kwa hivyo nimeketi ndani ya nyumba ya kuku, juu ya mtungi uliopinduliwa, na daftari lako la zamani la hesabu liko magotini. Ni saa tisa alasiri. Wewe umeshuka Mukuyuni kununua begi. Kuku wamenizunguka wakidhani kalamu ni chakula.

Kesho unaenda Kitui kuanza kazi. Sitakuambia ubebe sweta, wala uangalie watu unaokaa nao, kwa sababu mama yako ameyasema hayo wiki nzima mpaka mimi mwenyewe nimeanza kubeba sweta. Na kazi yenyewe, kulea vifaranga katika shamba la watu, unaijua kuliko mimi. Ninachotaka kuandika ni habari ya wale vifaranga themanini wa mama yako, na ni nani aliyewaua.

Si wewe. Nimeliweka hapa mbele ili hata ukichoka kusoma, hilo liwe limekufikia. Ni mimi niliyewaua, na nimelijua hilo kwa miaka minne.

Sasa wacha nieleze, na usinihurumie mapema.

Wewe umezaliwa hapa Kilungu, mahali ukichimba shimo la ndizi unakuta udongo baridi. Mimi nilizaliwa Kitui, upande wa chini wenye joto, na utoto wangu wote niliumaliza nikichimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji. Tulikuwa tunachimba mpaka anayechimba haonekani, anabaki kusikika tu. Nilipokuja huku kufanya kazi ya barabara, nikampata mama yako, nikanunua hiki kipande cha mteremko, nilikuja na akili yangu ya Kitui. Majirani walinitania kwamba mimi nikiona wingu natoa sufuria nje. Ni kweli nilikuwa natoa.

Mama yako alipopata zamu yake katika chama cha akina mama, unakumbuka mpango wao. Anayefikiwa na zamu anapewa vifaranga themanini, anawalea, na wakikomaa anatoa wengine themanini kwa mwenzake anayefuata. Kwa hivyo wale vifaranga hawakuwa wetu kabisa. Nyuma yao kulikuwa na Mama Kioko akingojea, na nyuma yake mwingine. Mama yako akataka nyumba ya kuku ya maana, yenye sakafu ya simiti, inayooshwa. Alinunua kila kitu fundi alichosema, pamoja na ile nailoni nyeusi nzito ya kutandikwa chini kabla ya kumwaga zege.

Fundi Musembi tulimchimbia ukingo wa mlima, nyumba ikakaa imeegemea udongo upande wa nyuma. Asubuhi ya kumwaga akaniuliza nailoni iko wapi. Nikamwambia haina kazi. Akaniambia, "Mzee, huu mlima unatoa jasho. Panga mawe, tandika mchanga, weka nailoni, halafu ndiyo tumwage. Usipoweka, maji yatapanda."

Nilimcheka mbele ya vibarua. Nikamwambia, "Maji nimeyatafuta miaka yangu yote chini ya ardhi na hayakupanda kunikuta. Leo yatapanda kuja kwa kuku?"

Nailoni nilikuwa tayari nimeipeleka kwingine. Nilikuwa nimeitandika ndani ya shimo la maji ya mvua la kumwagilia mboga zangu za sukuma, lile la kule chini. Mtu wa Kitui akiona nailoni anaona maji ya kushikwa, haoni maji ya kuzuiwa. Shimo lilishika maji vizuri sana, na watu walikuja kulitazama wakanisifu. Mama yako sikumwambia. Nilijua angeuliza, na nilijua sina jibu ila kwamba nilitaka sukuma.

Musembi akamwaga zege juu ya udongo uliokanyagwa. Nikamwambia apige niru ya simiti juu, ing'ae kama sakafu ya kanisa. Akasema kuku hawataki sakafu inayong'aa, watateleza miguu ipanuke. Nikasema apige. Unaona, nilikuwa na siku nzuri ya kukosa kusikia.

Vifaranga walikuja mwezi wa kumi. Nyumba ilikuwa kavu, maranda tuliyotandika sakafuni yalinukia mbao mpya, na mama yako alikuwa anaingia humu hata bila kazi, anasimama tu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na nne. Kazi yako ilikuwa vyombo vya maji asubuhi na jioni, na kupindua maranda kwa reki kila baada ya siku mbili. Ulifanya vizuri. Nataka ujue kwamba hata wakati ule niliona unafanya vizuri, ila sikuwa na mazoea ya kusema.

Halafu mvua ya Novemba ikaanza, ile ya kunyesha bila kupumzika. Siku moja ulinifuata nikiwa natengeneza kamba ya ng'ombe. Sijui kama unakumbuka. Ulisema, "Nau, kule nyuma maranda yamelowa, na hakuna chombo cha maji kule." Nikakujibu kwamba maranda hayajilowanishi yenyewe. Baada ya siku mbili ulirudi ukasema tena, na mara hii ulikuwa umebeba konzi ya hayo maranda, ukayafinya mbele yangu, yakabaki donge. Mtoto wa miaka kumi na nne alikuwa amefanya kipimo ambacho mimi nilikuja kufundishwa baadaye na watu wa kilimo, kwamba maranda mazuri ukiyafinya yanaachana, na mabaya yanashikana. Nikakuambia uache kuchezea uchafu, uende uwe makini na maji.

Hayo maneno mawili uliyoniambia ndiyo yananiumiza zaidi. Naona wewe umeyasahau. Mimi sijayasahau hata siku moja.

Vifaranga wakaanza kujikunyata, mabawa yameanguka, macho yamefungwa, na kinyesi chenye damu. Kwa muda wa wiki moja tulizika wote. Mama yako alikuwa anawatoa na karai asubuhi kabla sijaamka ili nisione idadi. Yule mwenye duka la dawa za mifugo alipanda kuja kuangalia, akainama, akanusa chini kabisa pale kuku wanapovutia pumzi, akasimama macho yakitoa machozi kwa ukali wa harufu. Akasema, "Hii ni unyevu. Nani anashughulika na maji hapa?"

Nilikuangalia tu. Na kila mtu akaangalia pale nilipoangalia.

Kama ningeachia hapo, labda ungekuwa ni udhaifu wa kawaida. Lakini wanawake wa chama walitaka kujua, na walikuwa na haki, kwa sababu Mama Kioko alikuwa amekwisha kujenga nyumba yake akingojea. Na mimi ni mzee wa kanisa. Niliona aibu ikija nyumbani kwangu na nikatafuta mtu wa kuipokea. Alhamisi ile ushirika ulikuwa kwetu, sebule imejaa, viti vimeazimwa kwa jirani. Baada ya wimbo wa pili nikasimama nikasema, "Nduku ana neno la kuwaambia." Hatukuwa tumekubaliana. Nilijua tu kwamba mtoto niliyemlea hawezi kukataa mbele ya watu.

Ulisimama. Nilikuona ukitafuta ndani yako kitu cha kusema, na ukakipata. Ulisema siku moja ulimwaga jagi la maji ukayafunika na maranda bila kumwambia mtu, na kwamba unaomba msamaha kwa mama yako na kwa chama. Jagi moja, Mwaitu. Jagi moja halilowanishi hata kona. Lakini mtoto akilazimishwa kutafuta kosa atalipata, nani hana jagi lake? Mke wa mchungaji alikushika kichwa wakakuombea. Mimi nilisema amina, na amina yangu ilisikika kuliko za wote.

Nilikupa jina la mama yangu mzazi. Ndiyo maana nakuita Mwaitu, mama yangu, tangu ukiwa mchanga. Mama yangu hakuwahi kusimamishwa mbele ya watu na mtu yeyote, na ningempiga mtu ambaye angejaribu. Mimi nikamsimamisha yule mwenye jina lake.

Nyumba ya kuku ikabaki tupu. Mama yako aliiosha, ikakauka, akafunga mlango. Baada ya Krismasi, mvua bado inanyesha kidogo kidogo, nikaingia kuweka gunia la nailoni la mbolea pale nyuma. Nililiacha siku tatu. Nilipoliinua, chini yake palikuwa na maji. Matone, yamejipanga, na gunia lenyewe limelowa upande wa chini tu. Juu pakavu. Hakukuwa na kuku wala chombo wala mtoto wa kumwaga jagi. Nikafikiri labda paa linavuja, nikaangalia paa. Nikaweka gunia lingine mahali pengine, nikafunga mlango na kufuli nikakaa na ufunguo mfukoni, kama mtu anayemvizia mwizi. Kesho yake likawa hivyo hivyo.

Nilikaa chini kwenye ile sakafu yangu inayong'aa, suruali ikalowa, nikaelewa kila kitu. Nilitaka kuandika kwamba kama ungekuwa karibu ningekuambia palepale, lakini huo ungekuwa uongo mwingine. Ulikuwa jikoni unachambua maharagwe. Ni hatua ishirini.

Nilingoja uende bweni kuanza sekondari, halafu nikamwita Musembi tukaivunja. Watu niliwaambia napanua. Musembi alipiga nyundo asubuhi yote bila kunikumbusha maneno yake, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angenikumbusha. Saa ya chai akaniuliza kitu kimoja tu, "Na mtoto umemwambia?" Nikamwambia aharakishe, mvua inakuja. Mara hii tukaweka mawe, mchanga, nailoni mpya, tukachimba mtaro nyuma ya ukuta, tukaacha mteremko wa kuelekea mlangoni, na juu tukapaacha pakikwaruza, bila niru. Nikainyunyizia maji asubuhi na jioni wiki nzima ili ikomae polepole. Sakafu nilijua kuitunza. Ndiyo hii nimekalia sasa, na unajua mwenyewe tangu wakati huo hatujapoteza kuku kwa ugonjwa ule.

Na watu wakasema, unaona, mtoto alipoenda bweni kuku wakapona. Nilisikia wakisema hivyo sokoni Kikima, nikanunua viazi nikaenda zangu.

Wewe ukabadilika. Ulianza kurudi mara mbili kuangalia kama umefunga lango. Ulikuwa unapima dawa ya mbuzi, unamwaga, unapima tena. Kidato cha tatu walitaka uwe kiongozi wa bweni ukakataa. Nilikusikia ukimwambia mama yako jikoni, "Mimi ni mtu wa kusahau, nitawaletea shida." Nikaongeza sauti ya redio. Nakuambia haya kwa sababu nataka ujue kwamba sikuwa kipofu. Niliona kila moja.

Halafu mwezi uliopita ukaniletea barua yako ya kuomba kazi, niisome kama iko sawa. Katikati uliandika, "Nikiwa mdogo nilisababisha vifo vya vifaranga themanini kwa uzembe, na tangu hapo nimejifunza kuwa makini." Nilisoma hiyo sentensi mara nyingi. Nilirekebisha nyingine mbili, nikakuambia utoe neno moja hapo mwisho, na hiyo nikaiacha kama ilivyo. Nikakurudishia, nikasema iko sawa. Umeajiriwa kwa uongo wangu, ukiwa umeuandika kwa mkono wako mwenyewe. Tangu siku hiyo silali vizuri, na sisemi ili unionee huruma, ni vile ilivyo.

Kama kuna kitu naweza kukupa cha kwenda nacho, si busara, maana umeona yangu. Ni hiki tu. Huko unakoenda, siku moja kitu kitaharibika, na mtu mkubwa atakuangalia kama nilivyokuangalia. Utasikia ndani yako unaanza kutafuta jagi. Usitafute. Inua maranda kwanza uone chini yake. Weka gunia, ngoja, uangalie. Ikiwa ni wewe, sema ni wewe, na uendelee na kazi. Ikiwa si wewe, sema hivyo hata kama sauti inatetemeka, na ukiambiwa maranda hayajilowanishi, usiende zako kama ulivyofanya kwangu. Ulikuwa sawa mara mbili na ukanyamaza ya tatu kwa sababu nilikuwa baba yako.

Nimeacha kuandika kidogo. Mama yako ameingia kuokota mayai.

Ameniuliza, "Baba Nduku, sasa unawaandikia kuku?" Nilitaka kucheka naye, niendelee baadaye. Lakini nilifikiri kwamba nikimaliza barua hii bila kumwambia yeye, nitakuwa nimekupa siri yangu uende nayo Kitui, uwe unanifichia. Kwa hivyo nimemwambia. Nimemwambia habari ya nailoni, ya shimo la sukuma, ya gunia, na ya kuvunja sakafu. Alikuwa na mayai kwenye karai. Hakulitua.

Halafu akasema, "Miaka minne. Kila akitoka kuteka maji mimi nakwenda nyuma yake kuangalia kama amefunga mfereji. Mtoto wangu mwenyewe."

Nikafunga daftari.

Akasema, "Basi siku ile alikuwa anaomba msamaha wa nani?"

Ametoka na mayai yake, na nilifikiri ameniacha. Amerudi bila karai, akasimama mlangoni, macho mekundu. Nikamwambia nimepata njia: nitakuomba uahirishe safari mpaka Alhamisi, ushirika uko kwa Mama Kioko, nisimame mbele ya wote nikiri na wewe ukiwepo usikie. Nilidhani atafurahi.

Akaniambia, "Wacha mtoto aende. Umeshamsimamisha mara moja. Unataka akae pale tena, watu wamwangalie, alie, halafu wote wakuonee wewe huruma? Alhamisi simama peke yako."

Ana haki, na ningependa kusema kwamba nililiona hilo mwenyewe, lakini sikuliona. Hata katika kutubu nilikuwa nimekupangia kiti.

Kwa hivyo nenda kesho kama ulivyopanga. Barua hii nitaiweka ndani ya begi lako jipya, uisome ukifika, mahali ambapo huhitaji kunijibu kwa uso wako. Usiniambie umenisamehe kwa simu kesho kutwa kwa sababu una adabu. Kaa nayo. Ukikasirika, kasirika, hata mwaka. Mwambie huyo mwenye shamba kwamba ile sentensi haikuwa ya kweli, au usimwambie, hilo ni lako.

Alhamisi nitasimama kwa Mama Kioko baada ya wimbo wa pili. Ukitaka kujua nilisema nini, usiniulize mimi. Mpigie mama yako. Yeye ndiye atakuambia kama nilisema yote.

Ni mimi baba yako,
Nau